Usivune mtama wa malisho kwa kuangalia kimo

Msimu wangu wa kwanza wa mtama wa malisho niliuvuna ukiwa unapendeza kweli. Ulikuwa umenizidi kimo, majani mapana ya kijani kibichi, masuke ndiyo kwanza yanachungulia. Nikajiambia nikichelewa utageuka kuni. Nikavuna, nikakatakata, nikashindilia shimoni kutengeneza saileji, yaani malisho yanayochachuliwa bila hewa, nikafunika. Siku chache baadaye maji ya rangi ya chai yakawa yanachuruzika chini ya shimo, na nilipokuja kufunua, harufu yenyewe ilinirudisha nyuma. Ng'ombe walinusa tu, wakageuza vichwa.

Kosa langu lilikuwa maji. Mtama unaotoa suke bado ni maji kwa karibu asilimia 80, wakati saileji nzuri inataka uzito mkavu wa asilimia 30 hadi 35. Ukishindilia mali mbichi namna ile, utomvu unavuja pamoja na sukari ambayo bakteria wa kuchachua wangeitumia, na bakteria wa uozo wanapata nafasi. Tena hesabu ya mavuno inakudanganya. Tani 20 zenye ukavu wa asilimia 20 ni tani 4 tu za chakula chenyewe, kilichobaki ni maji. Tani 18 zenye ukavu wa asilimia 30 zinakupa tani 5.4. Nilikuwa najisifia wingi wa mzigo kumbe nabeba maji.

Anayetoka kwenye mahindi hutatizika zaidi hapa. Mahindi yakikomaa majani hukauka na unaona kwa macho, lakini mtama waweza kuwa na punje ngumu kabisa huku bua na majani bado ni kijani. Kwa hiyo soma punje. Suke huchanua na kukomaa kuanzia juu kwenda chini, basi usipime za kileleni peke yake, chukua za katikati. Minya kwa kucha: ikitoka maziwa meupe, subiri. Ikibonyea kama unga uliokandwa, maziwa yameisha lakini haijawa ngumu, hiyo ndiyo hatua ya unga laini, na huo ndio wakati wa saileji. Kwa uhakika zaidi kata mabua machache, yakatekate, ufinyange konzi moja kwa nguvu. Maji yakidondoka, bado. Donge likiachia polepole unapofungua kiganja, mko karibu.

Utasikia watu wakilalamika kwamba ukisubiri protini inapungua. Ni kweli. Mtama mchanga wenye majani mengi unaweza kuwa na protini ya asilimia 15 au zaidi, na ukifika hatua ya unga laini inashuka hadi kama 7 au 8. Nyuzinyuzi za bua nazo hukazana kwa lignini, ile inayofanya bua ligome kumeng'enywa. Lakini upande wa pili punje zinajaa wanga, na wanga huo unafidia nguvu iliyopotea kwenye bua. Protini pungufu naiongeza kwa majani ya jamii ya kunde. Maji yaliyozidi shimoni sijawahi kupata cha kuyafidia.

Ila kama unakata kulisha mbichi au kukausha, mambo ni mengine. Hapo vuna mapema, mtama ukiwa na mimba, yaani suke bado limefichwa ndani ya majani, au suke linaanza kutoka, maana unatafuta majani laini na unataka uchipue tena. Acha kisiki cha sentimita 15 hivi; ukikata chini kabisa machipukizi yatakuwa dhaifu. Ukilazimika kufanya saileji katika hatua hiyo, unyaushe kwanza shambani.

Mapema kuna mpaka, na huu usiuchezee. Mtama mchanga na machipukizi mapya yana sumu ya sianidi, ambayo huua ng'ombe kwa muda mfupi sana. Mimi siingizi mnyama kabla mtama haujavuka sentimita 60, na baada ya ukame mkali naogopa zaidi, hasa mvua inaporudi na vichipukizi vikaibuka chini. Kukausha vizuri au kuvundika saileji hupunguza sianidi. Naitreti, chumvi ya naitrojeni ambayo ikizidi humdhuru mnyama, ni kesi nyingine: hujikusanya sehemu ya chini ya bua wakati wa ukame, hasa palipotiwa mbolea nyingi, na kukausha hakuiondoi. Ukiwa na wasiwasi, pandisha kisu ukate juu zaidi.

Msimu wa pili nilijisahihisha kupita kiasi. Nikangoja hadi punje zikawa changarawe. Ndege walikula sehemu yao, upepo ukalaza mabua kadhaa, na punje zilizofika shimoni nilizikuta zikiwa nzimanzima kwenye kinyesi. Punje ya mtama ni ndogo na ngumu, isipopasuliwa na mashine, ng'ombe huipitisha ilivyo.

Siku hizi naanza kuminya punje wiki mbili baada ya shamba kuchanua, kila baada ya siku mbili, masuke kama kumi kutoka sehemu mbalimbali. Ya pembeni siyahesabu, hupata jua na nafasi kuliko wenzao na hayasemi ukweli wa shamba. Mashine na vibarua navipanga kabla, kwa sababu unga laini haukusubiri ukatafute watu.