Kwangu ni Falconetti, halafu Nargis

Mkuu umeuliza waigizaji wa kike wa filamu za zamani tunaowakubali na kwa nini, mimi hata sifikirii mara mbili, ni Falconetti. Ile filamu yake ya Joan of Arc ya 1928 ni ya kimya, hakuna maneno unayosikia, ila kamera ya Dreyer, mwongozaji wa filamu, imemkaa usoni karibu muda wote na hajapakwa meikapu, kwa hiyo unaona kila kitu, mdomo unavyotetemeka, chozi linavyoshuka taratibu, mpaka unasahau kabisa kwamba huyu mtu anaigiza. Aisee niliiangalia nikakosa usingizi.

Wa pili Nargis wa Mother India, filamu ya Kihindi ya 1957. Hajafika hata miaka 30 lakini anakuwa mama mpaka anazeeka mbele yako na unaamini, na pale anapomnyanyulia mwanae bunduki mikono yake inaongea kuliko maneno (na aliyecheza huyo mwanae, Sunil Dutt, ndiye aliyekuja kumuoa 1958).

Ingrid Bergman naye yumo, macho yale. Ila anza na Falconetti, iangalie usiku, taa zimezimwa.