Tao langu halitoboki

SWALI: Shikamoo fundi. Ninachora kwa SketchUp, programu ya kuchora majengo kwenye kompyuta, nyumba yetu ya zamani hapa Dunda, Bagamoyo, ya mawe na chokaa. Nikichora tao la mlango ukutani na kulisukuma kwa herufi P (Push/Pull), linaingia ndani lakini halitoboki. Linabaki kama shubaka. Ukuta una unene wa sentimita 52 mwisho mmoja, 46 mwisho wa pili. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umejijibu mwenyewe kwa hivyo vipimo. Programu hii hutoboa pale tu sura mbili za ukuta zinapokwenda sambamba, na zako hazilingani. Usije ukaunyoosha ukuta kuifurahisha kompyuta! Seremala wa fremu atakutana na ukuta wenyewe, si mchoro wako.

Sukuma tao lipitilize, litokeze nyuma ya ukuta. Chagua vyote, bofya kulia kwenye kipanya, chagua Intersect Faces, kisha With Model. Mstari wa tao utajichora upande wa nyuma. Futa kipande cha ukuta kilichomo ndani ya mstari huo, pamoja na vyote vilivyotokeza nje.

Kama ukuta umeshaufanya kundi (Group), ubofye mara mbili uingie ndani kwanza. Wengi hukwama hapo: tao lao linaelea tu juu ya ukuta bila kuukata.

Na ukiona tao lina pembepembe, ni kwa sababu SketchUp huligawa vipande 12. Ukishalichora tu, kabla hujalisukuma, andika 24s, yaani vipande 24, bonyeza Enter.