Siki na methili oranji haviendani

Fenolfthalini, kiashiria (kemikali inayobadili rangi kulingana na asidi au besi), isipoonyesha rangi, wanafunzi wengi huandika "asidi". Si lazima iwe hivyo. Kiashiria hiki huanza kugeuka kwenye pH 8.3 (kipimo cha asidi na besi: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni besi) na kukolea pinki ikikaribia 10, kwa hiyo hata kwenye maji safi, yenye 7, hakitaonyesha rangi. Methili oranji, kiashiria kingine, ni nyekundu chini ya 3.1 na njano juu ya 4.4; mmumunyo wa pH 5 ni asidi, na bado utauona wa njano. Litmasi ndiyo inayogeuka karibu na 7, lakini inageuka polepole mno kwa titresheni, yaani kupima asidi kwa kuiongezea besi (au kinyume chake) hadi zimalizane.

Kiashiria chenyewe ni asidi dhaifu: molekuli yenye hidrojeni yake ina rangi moja, ikiiachia inapata nyingine. Jicho huona rangi moja tu pale aina moja inapoizidi nyingine takriban mara 10, ndiyo maana mgeuko hula karibu vizio viwili vya pH.

Kwa asidi ya haidrokloriki na soda kali (sodiamu haidroksaidi) hutaumiza kichwa. Ukiwa na mililita 25 za asidi ya 0.1 M (moli kwa lita) na soda ya 0.1 M, matone mawili ya mwisho hurusha pH kutoka 4 hadi 10. Siki ni habari nyingine. Punguza mililita 10 za siki ya asilimia 5 hadi mililita 100, chukua 25, na soda ya 0.1 M itakayohitajika ni kama mililita 21, mwisho ukiwa kwenye pH 8 na kitu. Methili oranji itakuwa imeshageuka njano kabla hujafika mililita 7. Hapo fenolfthalini haina mbadala wa kubishaniwa.

Magadi nayo ina mtego wake. Mililita 10 za sodiamu kaboneti ya 0.1 M, kwa asidi ya 0.1 M, hupoteza pinki ya fenolfthalini kwenye mililita 10, ambapo ni nusu ya kazi tu. Methili oranji hugeuka kwenye 20. Jibu likitoka nusu, angalia chupa ya kiashiria uliyotumia.

Tia matone mawili au matatu, basi. Kiashiria cha ziada hula besi yako, na fenolfthalini, iliyoyeyushwa kwa spiriti, huchafua maji kwa ukungu mweupe. Weka kigae cheupe chini ya chupa. Simama kwenye pinki hafifu inayodumu sekunde 30. Ikififia baadaye ni kabonidioksidi ya hewani, usiongeze tone. Kwa methili oranji, weka kando chupa ya kulinganisha, maana rangi ya chungwa humdanganya kila mtu.

Rozela iliyochemshwa inatosha kutenganisha siki na maji ya sabuni: nyekundu kwenye asidi, kijani kwenye besi. Kwa titresheni iache, rangi zake hazina mpaka mkali, na kwenye soda kali huharibika kuwa njano-kahawia isiyorudi.