Mdogo wangu amenisamehe, lakini mimi nimeshindwa kujisamehe

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanamume wa miaka 41, mtoto wa kwanza katika familia yetu. Mdogo wangu na mkewe wameishi miaka mingi bila kujaliwa mtoto, na ni mimi peke yangu niliyeambiwa kwamba vipimo vya hospitali vilionyesha tatizo liko kwa mdogo wangu. Shemeji alikubali kubeba lawama za ndugu ili kumsitiri mumewe. Katika kikao cha kugawana mali aliyoiacha baba tulitofautiana, hasira zikanipanda, nikasema mbele ya wote kwamba mdogo wangu hahitaji sehemu kubwa kwa kuwa hana wa kumrithisha, na kwamba daktari ameshathibitisha kuwa hawezi kupata mtoto. Aliweka kikombe chake chini taratibu, akasimama, akatoka. Baada ya miezi kadhaa alinipigia simu akasema amenisamehe, na ninaamini alisema kwa moyo. Huu ni mwaka wa pili, na kila tunapokutana namwomba radhi upya. Usiku sipati usingizi, sherehe za familia nazikwepa, na nikicheza na wanangu naona sistahili. Nitajisamehe vipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na lililonigusa ni kwamba hukutafuta pa kujifichia. Hukusema ulichokozwa, wala hukudai kwamba maneno yalikuponyoka. Ulilolifanya ni zito. Siri uliyowekewa ilikuwa amana, nawe uliitumia kumpiga mwenye siri katika ugomvi wa mali. Sitakwambia kwamba ni jambo dogo, kwa sababu ukinisikia nikisema hivyo hutaniamini, na utakuwa na haki.

Wanasaikolojia, akiwemo June Tangney wa Marekani aliyelitafiti jambo hili kwa miaka mingi, hutofautisha hali mbili zinazomkuta aliyekosa. Yupo anayejutia kitendo chake, ambaye mawazo yake huelekea kwa aliyeumia na namna ya kurekebisha. Na yupo anayejihukumu nafsi nzima, akajiona hafai, na huyo mara nyingi huishia kujificha, kuwakwepa watu, hata kuwageuzia wengine hasira. Nionavyo mimi, ulianza katika hali ya kwanza na sasa umezama katika ya pili. Kukwepa sherehe hakumpunguzii mdogo wako maumivu, na kujinyima furaha ya kucheza na wanao hakumpatii yeye mtoto.

Na hizo radhi za kila mnapokutana, nisikufiche, zinamchosha. Kila unapozirudia unamrudisha kwenye kile kikao, kisha yeye aliyeumizwa ndiye anayelazimika kukutuliza wewe. Alikupa msamaha, upokee. Mkikutana tena, muulize habari za kazi na afya yake kama zamani.

Huenda unaogopa kwamba ukijisamehe utakuwa umelifanyia kosa lako wepesi. Hofu hiyo naielewa, lakini katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, Juliana Breines na Serena Chen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliwataka washiriki wakumbuke jambo walilolifanya na ambalo liliwasuta, kisha wakawaongoza baadhi yao kulitazama kwa huruma na uelewa. Hao ndio walioonyesha ari kubwa zaidi ya kurekebisha walichoharibu na ya kutokirudia.

Hata hivyo, naona sababu nyingine inayokunyima usingizi, na hapa naomba utulie unisikilize. Katika barua yote, aliyoyabeba shemeji yako umeyagusia kwa sentensi moja tu. Huyu ni mwanamke aliyekubali kuitwa tasa na ndugu zenu ilhali ukweli anaujua, akanyamaza miaka yote hiyo ili heshima ya mumewe isiguswe. Ulichokibomoa siku ile, yeye alikuwa amekilinda kwa gharama ya jina lake mwenyewe. Je, umewahi kumwomba radhi? Barua yako haisemi, nami nahofia kwamba hujawahi. Mdogo wako anaweza kusamehe lililo lake. La mkewe hana uwezo wa kulisamehe kwa niaba yake.

Wanazuoni wa Kiislamu wanapoeleza masharti ya toba hutaja kuliacha kosa, kulijutia na kuazimia kutolirudia, na kosa likigusa haki ya mja huongeza sharti la nne, kumrudishia mwenye haki kilicho chake au kumtaka radhi. Injili ya Mathayo, sura ya 5, nayo inamwambia anayeleta sadaka madhabahuni, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache hapo hapo aende kwanza akapatane naye. Sijui dini yako, lakini wewe bado una mlango mmoja hujaubisha hodi.

Usimvamie shemeji. Tanguliza ujumbe uulize kama yuko tayari kukuona. Akikubali, litaje kosa waziwazi: “Shemeji, nilitoa siri yenu mbele ya ndugu, nikakuvunjia heshima na kuharibu ulichokilinda miaka mingi. Nimekosa, naomba radhi.” Usiongeze “lakini”, usieleze hasira zilivyokupanda, na usilie mpaka aanze kukubembeleza. Nyamaza usikilize, hata akisema makali.

Kuhusu ndugu waliosikia, usiitishe kikao cha kuomba radhi kabla ya kumuuliza mdogo wako na mkewe, kwa kuwa kuirudia habari ile hadharani kunaweza kuwaumiza upya. Unaloweza kulifanya tangu leo ni kukata mazungumzo kila unaposikia mtu akiinong'ona.

Na mali je? Hukuniambia mgawo uliishaje. Ikiwa mdogo wako alipata pungufu kwa sababu ya hoja yako ile, basi maneno peke yake hayatoshi; kaa na ndugu zako, mrekebishe mgawo, na wewe uwe wa kwanza kutoa katika fungu lako.

Usingizi ukiendelea kukukimbia, au yakikujia mawazo ya kujidhuru, nenda kwa mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili bila kuchelewa.

Inawezekana shemeji yako akakataa kukusamehe, au akataka muda. Hiyo ni haki yake, wala usiwatume wazee au mumewe wamshinikize. Endelea kutunza heshima yao, na ukishalipa kila unachoweza kulipa, usingoje ruhusa yake ndipo ucheze na wanao.