Kalsiamu iliniaibisha mbele ya jopo, nikarudi tena

Juzi kuna dogo kanitumia meseji, "Bro shikamoo, prizentesheni yangu ni wiki ijayo, mada ni kalsiamu na ukuaji wa nyuzi za neva, nirushie madesa yako." Nilicheka peke yangu kwenye daladala mpaka mama wa siti ya pembeni akageuka, maana hiyo mada ndo iliyonivua nguo mwaka juzi.

Nilikuwa nimekariri slaidi zote, na nukta zake. Nikamaliza vizuri tu, mzee mmoja wa jopo akauliza swali la mtoto: kalsiamu ikipanda ndani ya seli, uzi unakua au unasimama? Nikasema unakua. Akaniambia una uhakika? Nikasema basi unasimama. Ukumbi ukaangua kicheko, yule mzee akafunga faili langu, paa, "kijana nenda kasome." Ile paa naisikia mpaka leo nikiwa naoga.

Sasa ujue kilichoniuma zaidi: majibu yote mawili yalikuwa na ukweli ndani yake, ila mimi sikujua!

Iko hivi. Uzi wa neva, yaani ule mkia mrefu wa seli ya neva unaopeleka ujumbe, ukiwa unarefuka, kule mbele una kitu kama kiganja chenye vidole vyembamba, kinapapasa njia kama mtu anayetafuta kiberiti umeme ukiwa umekatika. Mwanasayansi Cajal wa Hispania alikieleza mwaka 1890, na alichokuwa nacho ni hadubini na seli zilizokufa. Kalsiamu iliyo nje ya seli inazidi ya ndani kama mara elfu kumi, kwahiyo vimilango vikifunguka kidogo tu inamwagika ndani, na huko kumwagika ndo ujumbe wenyewe. Miaka ya 1980 watu walifanya majaribio na neva za konokono, wakaona kalsiamu ikishuka mno uzi unagoma, ikizidi mno unagoma vilevile, unakwenda vizuri ikiwa pale katikati.

Hapo nilielewa, ila kilichoniingia kabisa nilikipata Mwenge, jioni, nimening'inia mlangoni. Konda anagonga bodi, dereva hamuoni, lakini kwa namna anavyogonga tu anajua asimame au aondoke. Nikasema heee, si ndo hii! Konda ni kalsiamu, dereva ni uzi. Mwaka 1999 watafiti Gomez na Spitzer walitazama neva zinazokua ndani ya viinitete vya chura, wakaona kalsiamu inapanda na kushuka kwa mapigo, na mapigo yakiwa ya mara kwa mara uzi unapunguza mwendo, yakipungua unachanganya. Na kalsiamu ikipanda upande mmoja tu wa kile kiganja, uzi unakata kona. Nilishuka kituo siyo changu nikachora yote kwenye gazeti lililofungia vitumbua, mafuta yametapakaa, peni inateleza.

Kwahiyo ushauri wangu ni chora. Usimeze madesa, chora, halafu mwelezee mtu asiyejua kitu, mimi nilimwelezea dada yangu akiwa anakuna nazi na akaniuliza swali gumu kuliko la jopo: "Sasa nani anamtuma huyo konda?" Nikalala na hilo swali siku mbili, nikagundua ni zile molekuli za njiani, zingine zinauita uzi zingine zinaufukuza. Nyie vijana wa sasa mnapenda kurushiwa vitu, mtu hata karatasi hajashika anaomba slaidi, hamtafika. Chora kwanza.

Niliporudi, mzee yuleyule, swali lilelile. Nikamwambia inategemea mzee, imepanda kiasi gani, inapiga mara ngapi, na upande upi. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaandika kitu. Hakunipongeza. Tukikutana koridoni nampa shikamoo yake napita.

Na wewe dogo, madesa sikurushii. Njoo Mwenge jumamosi na peni, vitumbua nanunua mimi.