Maswali ya Wasomaji: Sungura Wanaomaliza Miche ya Matunda

Nimepanda miembe 60 ya kubebesha (kikonyo cha aina bora kimeunganishwa juu ya shina la mwembe wa kienyeji) kwenye ekari moja huku Kongwa, Dodoma. Tangu mvua zikatike, kila asubuhi nakuta miche imekatwa vichwa au imegugunwa gome. Mmoja ananiambia ni sungura pori, mwingine anasema ni mbuzi. Nipake oili chafu?

Tafadhali, oili chafu usiipake. Huunguza gome changa, na mche unaweza kufa hata kama sungura hakuugusa.

Kwanza chuchumaa uutazame mkato. Sungura ana meno makali juu na chini, kwa hiyo kijiti hukatika mshazari na kuwa laini, kama kwa kisu. Mbuzi na digidigi hawana meno ya mbele juu. Wao huvuta na kurarua, na ncha hubaki na nyuzinyuzi. Tazama pia chini: vinyesi vya mviringo vilivyojaa majani makavu ni vya sungura.

Akiwa ni sungura, kinga ya kweli ni waya. Nunua wavu wa kuku wenye matundu ya inchi 1 na upana wa futi 3. Kata vipande vya mita 1, zungushia kila mche duara la sentimita 30 hivi, kisha funga kwa vigingi viwili. Rola la mita 30 linatosha miche 30, kwa hiyo wewe unahitaji marola mawili. Kuzungushia ekari nzima kungekula mita 255 hivi, yaani marola tisa. Waya usiguse shina: ukigusa, sungura hupenyeza mdomo tunduni na kula gome akiwa nje.

Wengi hukosea wakati. Wanaweka waya baada ya kuona hasara, ilhali sungura hugeukia gome pale majani mabichi yanapokauka. Dodoma, waya uwepo kabla Mei haijaisha. Fyeka pia nyasi ndefu shambani, maana sungura pori hachimbi shimo. Mchana hujilaza humo humo.

Miche iliyokwisha kuumia ikague mmoja mmoja. Kwaruza gome kwa ukucha: palipo kijani pangali hai. Jeraha lisilozunguka shina lote hupona lenyewe, mwagilia tu. Gome likitoka mzunguko mzima, chakula kutoka kwenye majani hakishuki tena, mizizi hufa njaa, hata kama majani yatabaki kijani kwa wiki kadhaa. Mche uliokatwa juu ya kiungo cha kubebesha utachipua aina yako. Uliokatwa chini yake utachipua mwembe wa kienyeji. Usiung'oe, subiri chipukizi linenepe kama penseli ubebeshe upya.

Makueni: nikitega nyaya au kuweka sumu kwenye mapapai yaliyoanguka, si nitawamaliza haraka?

Usifanye hivyo. Sumu itaua mbwa, kuku na ndege wanaokula mizoga, na kuna watoto wanaookota mapapai. Uwindaji Kenya ulipigwa marufuku mwaka 1977, na kitanzi cha waya hakichagui anayeingia. Ukikosa fedha za waya, koroga kinyesi kibichi cha ng'ombe na maji kiwe uji mzito, upake shina hadi usawa wa goti. Husaidia, lakini ni kinga ya muda: rudia kila wiki mbili na kila mvua inapokiosha.

Limuru: sungura wa kufugwa wa jirani hutoroka na kula stroberi zangu. Nimeweka uzio, wanapita chini.

Hawa, tofauti na wa porini, huchimba. Uzio uliosimama wima hadi ardhini hauwazuii, kwa sababu sungura huanza kuchimba pale pale waya unapokutana na udongo. Wavu wako wa futi 3 ukunje sentimita 20 za chini zilale kuelekea nje, upande anakotokea yeye. Zibane kwa vigingi kila nusu mita, kisha zifukie kidogo. Akichimba atakuta waya miguuni mwake. Juu zitabaki sentimita 70, zinazowatosha wengi wa hao. Nguzo ziwe kila mita 2 au 2.5, la sivyo wavu hulegea katikati na wao huukanyaga. Halafu kagua geti: chini yake pasizidi sentimita 3, na ardhi ikiwa na mabonde weka ubao au jiwe bapa la kizingiti.