Maswali Yenu: Fomu ya Mali ya Diwani, Nani Anaruhusiwa Kuiona?

Diwani wetu amejenga fleti mbili tangu achaguliwe. Nilikwenda ofisi moja ya umma kuomba kuona fomu yake ya kutangaza mali, karani akaniambia hiyo ni siri ya serikali. Ni kweli? – Msomaji, Umoja

Karani alitumia neno baya, ila hakuwa mbali sana na ukweli. Tamko la mali nchini Kenya halibandikwi ubaoni wala halipo kwenye tovuti yoyote. Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma ya 2003 ilimruhusu mwananchi kuomba kuliona kwa masharti: aonyeshe kwamba jambo hilo linamhusu kihalali, na atoe sababu nzito inayolingana na malengo ya sheria. Mwenye fomu naye alipewa nafasi ya kujitetea kabla ya uamuzi. Kwa hivyo "nataka kujua ana mali gani" haikufikishi popote, hata kama fleti zenyewe unaziona kila asubuhi ukienda stejini.

Jambo la pili: sheria hiyo ya 2003 ilifutwa na Sheria ya Mgongano wa Maslahi, ambayo Rais alitia saini Julai 2025. Usinakili barua ya zamani uliyotumiwa na rafiki. Barua inayotaja sheria iliyokwisha kufa humpa afisa kisingizio cha bure.

Ombi lenye uzito ni lile linalounganisha fomu na tendo la kiofisi. Tuseme kuna zabuni ya mtaro katika wadi. Chukua jina la kampuni iliyoshinda, ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ulipie hati iitwayo CR12 kutoka kwa Msajili wa Kampuni. Hati hiyo huonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Ukiona jina la diwani au la mkewe, umepata sababu. Taja nambari ya zabuni, tarehe na CR12, kisha uulize kama hisa hizo zilitangazwa.

Halafu gawa ombi lako mara mbili. Kwanza uliza kama diwani aliwasilisha tamko la 2023 na la 2025, na tarehe gani. Pili ndipo uombe yaliyomo. Swali la kwanza haligusi akaunti ya mtu wala kiwanja chake, kwa hivyo ni vigumu zaidi kulikataa. Ukichanganya yote katika sentensi moja, jibu moja la "hapana" litafunika yote.

Ndani ya fomu huandikwa nini hasa? – Mama Wawili, Kayole

Mapato, mali na madeni: ya afisa mwenyewe, ya mke au mume, na ya watoto wanaomtegemea walio chini ya miaka 18. Mali ni pamoja na ardhi, nyumba, magari, uwekezaji na pesa anazodai watu, kila kitu na thamani yake ya kukadiria. Chini ya utaratibu wa 2003, aliyeingia kazini alijaza ndani ya siku 30, aliyeondoka vilevile, na katikati ilikuwa kila baada ya miaka miwili. Hesabu ilifungwa Novemba 1, fomu ilitakiwa kufika kufikia Desemba 31.

Tarehe hiyo ya Novemba 1 ndiyo huwapotosha wengi. Nyumba iliyonunuliwa Novemba 20, 2023 haimo katika tamko la 2023. Itaonekana katika lile la 2025. Mtu asikimbilie kusema diwani amedanganya. Vilevile kiwanja kilichoandikwa kwa jina la kaka, au la binti wa miaka 25, hakimo katika orodha ya wanaotakiwa kutajwa. Hapo ndipo mali inaweza kupitia, na fomu peke yake haitakuonyesha.

Nilipeleka barua, wiki nne zimepita, kimya. Nifanye nini? – Kijana wa Kawangware

Kimya ni jibu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21. Inaweza kujiongezea mara moja tu, siku zisizozidi 14, iwapo rekodi ni nyingi au inabidi kushauriana na wengine. Muda ukiisha bila jibu, ombi huhesabiwa kuwa limekataliwa. Kama ulikosea ofisi, wao ndio wanaopaswa kulihamisha ndani ya siku 5, si wewe kuzungushwa kutoka City Hall, makao ya Kaunti ya Nairobi, hadi bunge la kaunti na kurudi.

Una siku 30 za kuomba uamuzi huo upitiwe na Tume ya Haki za Utawala, yaani Mchunguzi wa Malalamiko, pale West End Towers, Waiyaki Way. Tume inaweza kuagiza habari itolewe, na asiyeridhika na agizo hilo hukata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 21.

Kosa tunaloliona sana ni barua isiyo na mhuri wa kupokelewa. Peleka nakala mbili, moja ipigwe mhuri na tarehe, ubaki nayo. Bila hiyo huwezi kuthibitisha siku 21 zilianza lini. Kwa bunge la kaunti andikia karani wa bunge. Kwa wafanyakazi wa kaunti, katibu wa kaunti, na nakala kwa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Weka nambari ya kitambulisho, kwa sababu haki hii ni ya raia.

Nikiipata, naweza kuiweka kwenye WhatsApp ya mtaa? – Mwenyekiti, Pipeline

Usithubutu bila idhini ya maandishi. Sheria ya 2003 iliweka faini ya hadi shilingi 500,000, kifungo cha hadi miaka 5, au vyote viwili, kwa anayeyatangaza yaliyomo bila ruhusa. Ukitaka kuyasema hadharani, omba ruhusa hiyo katika barua ileile ya kwanza. CR12 ni jambo jingine, hiyo ni rekodi ya umma. Ukigundua dalili za wizi, peleka Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, Integrity Centre, si kwa grupu.

Barua iwe kwa Kiingereza? Na ada ni ngapi? – Mzee, Kibera

Kiswahili kinatosha, sheria ya 2016 inakitaja. Asiyejua kuandika husema kwa mdomo, na afisa ana wajibu wa kuyaandika na kumpa nakala. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Gharama ni ya kunakili na kutuma tu, na ukishalipa, habari iliyokubaliwa inatakiwa ikufikie ndani ya siku 2 za kazi.